Dawa ya kuua vijidudu hufika wapi ndani ya ngozi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wauguzi, wanafunzi wa famasia na ndugu wanaouguza wagonjwa. Yanahusu dawa zinazopakwa kwenye ngozi nzima kabla ya sindano, kanula au katheta (mirija inayoingizwa mwilini, kama ile ya kwenye mshipa wa damu) au upasuaji: klorheksidini, povidoni-ayodini na spiriti. Maswali ya vidonda yana sehemu yake huko chini, kwa sababu ngozi iliyochanika ni habari nyingine kabisa.

Ngozi ikishapakwa dawa, si vijidudu vyote vimekufa?

Hapana. Vilivyo juu hufa kwa wingi sana, na kwa haraka. Ila ngozi ya binadamu ina wakazi wake wa kudumu, kama Staphylococcus epidermidis na Cutibacterium acnes, na hao hawakai juu tu. Wanaishi pia kwenye vishimo vya vinyweleo, karibu na tezi za mafuta, na katikati ya seli zilizokufa za ngozi ya juu. Mwaka 1972 Selwyn na Ellis waliandika nchini Uingereza kuhusu bakteria hawa waliojificha, na tangu hapo makadirio yanayorudiwa katika fani hii ni kwamba takriban moja ya tano ya wakazi wa ngozi hawafikiwi na dawa inayopakwa juu.

Kwenye ngozi nzima hawana neno. Tunaishi nao tangu kuzaliwa. Shida huanza pale sindano, mrija au kisu kinapopita katikati ya makazi yao na kuwafungulia njia ya kuingia ndani. Mgonjwa mwenye katheta kwenye mshipa mkubwa wa damu anaweza kuambukizwa na bakteria wa ngozi yake mwenyewe, wakitambaa kando ya mrija kutoka pale ulipoingilia.

Kwa nini dawa isipenye tu? Ngozi si ina matundu?

Matundu yapo, lakini usiyawazie kama ya chujio. Tabaka la juu kabisa la ngozi lina unene wa maikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili; maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, na ndilo linalozuia karibu kila kitu. Limejengwa kama ukuta wa matofali: tofali ni seli bapa zilizokufa zilizojaa keratini, na saruji yake ni mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Dawa inayotaka kushuka lazima ipite kwenye hayo mafuta, ikizunguka seli moja baada ya nyingine.

Sasa itazame klorheksidini. Molekuli yake ina uzito wa takriban daltoni 505 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakati wataalamu wa ngozi wana kanuni ya kukadiria kwamba kitu kinachozidi 500 hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Tena ina chaji mbili chanya za umeme, na kitu chenye chaji hakipendani na mafuta. Halafu keratini na protini nyingine za ngozi huvuta chaji hizo, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa hunasa hapo hapo juu.

Kunasa huko kuna faida yake. Ndiko kunakoifanya klorheksidini iendelee kufanya kazi kwa saa nyingi baada ya kupakwa, wakati spiriti ikishakauka imekwisha. Kwa hiyo sifa ile ile inayoipa dawa hii uwezo wa kudumu ndiyo inayoinyima uwezo wa kushuka. Anayetaka kuiboresha lazima aanzie hapo.

Inafika umbali gani hasa?

Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka Birmingham, Uingereza. Mwaka 2008 Tarja Karpanen na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Aston na hospitali za mji huo, walichapisha vipimo vya klorheksidini ya asilimia 2 iliyoyeyushwa kwenye maji, ikiwekwa juu ya ngozi halisi ya binadamu iliyotolewa kwa ridhaa.

Baada ya dakika 2, kwenye maikromita 100 za juu walikuta kama maikrogramu 0.157 za dawa kwa kila miligramu ya ngozi; maikrogramu moja ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kwenye kina kinachozidi maikromita 300 kiasi hicho hakikufika hata 0.002. Maikromita 300 si hata theluthi ya milimita, na vishimo vya vinyweleo vinashuka zaidi ya hapo, vingine milimita kadhaa. Walipoiacha dawa saa 24, sehemu ya juu ilifika maikrogramu 7.88, lakini chini ya maikromita 300 bado kiasi kilibaki kidogo, chini ya maikrogramu 1.

Wanaodhani dawa ikiachwa muda mrefu itashuka yenyewe watazame takwimu hizo. Muda wa siku nzima uliongeza sana kilichopo juu, na huko chini haukusaidia kwa kiwango hicho. Na hakuna anayeandaa ngozi ya mgonjwa kwa saa 24. Kwenye wodi tuna dakika mbili tatu tu.

Wanapimaje kitu kidogo hivyo?

Kifaa kinaitwa seli ya Franz, kwa jina la Thomas Franz aliyekieleza katika miaka ya 1970. Ni vyumba viwili vidogo vya kioo, kimoja juu ya kingine, na kipande cha ngozi kimebanwa katikati. Chumba cha juu kinawekwa dawa. Cha chini kina kimiminika kinachokaa badala ya damu, kikipashwa joto ili uso wa ngozi uwe karibu nyuzijoto 32, kama ngozi ya mtu aliye hai.

Muda ukiisha, ngozi inafutwa, inatobolewa vipande vya duara, inagandishwa, kisha inakatwa kwa mashine tabaka baada ya tabaka sambamba na uso wake. Kila kijipande, chenye unene wa makumi machache tu ya maikromita, huwekwa kwenye chupa yake na kupimwa kina dawa kiasi gani. Ni kazi ya subira. Ukikata kwa mshazari kidogo tu, dawa ya juu inahesabika kama ya chini, na matokeo yote yanaharibika.

Spiriti inaongeza nini kwenye klorheksidini?

Mambo mawili. Kwanza, spiriti yenyewe inaua kwa sekunde, huku klorheksidini ikihitaji muda zaidi. Pili, spiriti huyeyusha na kuvuruga yale mafuta yaliyo kati ya seli, na huingia kwenye mafuta ya vinyweleo ambako maji huteleza tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilipendekeza klorheksidini iliyo kwenye spiriti kwa kuandaa ngozi.

Tatizo la spiriti ni kwamba hukauka upesi. Ikishapaa, msaada wake wa kusukuma dawa chini umekwisha.

Wengine huuliza kwa nini ni asilimia 70 na si 95, maana kali si ndiyo bora? Spiriti huua kwa kuharibu protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji kidogo. Spiriti tupu hufanya kazi hiyo vibaya zaidi, tena hukauka mapema mno.

Nimesikia mafuta ya mikaratusi yanasaidia dawa kupenya. Ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Ni kweli, na ni utafiti wa kundi lile lile la Birmingham. Mafuta ya mikaratusi yana kiungo kikuu kiitwacho sineoli, molekuli ndogo inayopenda mafuta. Ikiingia kati ya zile seramidi, huvuruga mpangilio wao, na kwa muda mfupi njia inakuwa pana zaidi kwa kinachofuata nyuma.

Karatasi yao ya mwaka 2010 ilieleza walivyochanganya mafuta haya kwa viwango mbalimbali, kuanzia asilimia 5 hadi 50, na klorheksidini ya asilimia 2 ndani ya spiriti ya asilimia 70. Mchanganyiko wenye asilimia 10 ya mafuta uliongeza kwa kiasi cha maana dawa iliyoingia ndani ya ngozi, na hilo lilitokea ndani ya dakika 2. Hizo dakika 2 ndizo zinazonivutia kuliko jambo lingine lolote kwenye utafiti huo. Vitu vinavyofungua ngozi ni vingi, lakini vingi vinahitaji saa kadhaa, na kwenye chumba cha upasuaji saa kadhaa ni sawa na kutokuwapo.

Kuna na la ziada. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Emma Hendry na wenzake wa Aston walionesha maabara kwamba mafuta ya mikaratusi na klorheksidini vikiwekwa pamoja vinaua vijidudu kadhaa vizuri zaidi kuliko kila kimoja peke yake, hata bakteria waliojijengea utando wa kujikinga. Kwa hiyo mafuta hayasindikizi tu, yanapigana pia.

Pamoja na hayo, ni kazi ya maabara kwenye ngozi iliyokatwa. Ngozi hiyo haina damu inayozunguka, haitoi jasho, haiwashwi. Mchanganyiko huu haujawa dawa ya kawaida hospitalini.

Basi nichanganye mwenyewe nyumbani? Mafuta ya mikaratusi yapo dukani.

Tafadhali usifanye hivyo. Chupa ya dukani haisemi ina sineoli kiasi gani, na mafuta hayo yakiwa makali huunguza ngozi. Kwa mtoto ni sumu akiyameza: kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea degedege. Pia mchanganyiko wa spiriti na mafuta unawaka moto kirahisi. Na kitu kinachofungua ngozi hakichagui cha kupitisha. Kitapitisha hata uchafu na kemikali ulizokuwa nazo mkononi.

Kuna njia gani nyingine zinazojaribiwa?

Zipo nyingi, nitataja zile ninazoona zina maana kwa kazi hii.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kusugua. Vifaa vya kupaka klorheksidini vyenye sponji huelekezwa visuguliwe mbele na nyuma kwa sekunde 30 kwenye ngozi kavu, badala ya ile mizunguko ya taratibu kutoka katikati kwenda nje tuliyozoea kufundishwa. Kusugua huinua magamba ya juu na kusukuma maji ya dawa kwenye mikunjo na midomo ya vinyweleo. Ni njia isiyo na gharama, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mtu anagusisha pamba mara moja, anachoma.

Njia ya pili ni kupita kwenye vinyweleo vyenyewe badala ya kupambana na ukuta. Huko Berlin, kwenye hospitali ya Charité, Jürgen Lademann na wenzake walionesha katika ngozi ya nguruwe kwamba chembe ndogo sana zilizotiwa rangi, zenye ukubwa wa maikromita 0.3 hivi, zikipakwa na kukandwa hushuka kwenye vishimo vya vinyweleo zaidi kuliko rangi ile ile isiyo ndani ya chembe, na hukaa humo kwa siku kadhaa. Maelezo yao ni kwamba unywele una magamba yaliyopangana, na unapotikiswa husukuma chembe za ukubwa huo kwenda chini. Ukiifungia dawa ndani ya chembe hizo, unaipeleka mahali pale pale bakteria walipojificha. Kwangu mimi hii ndiyo njia yenye akili zaidi, kwa sababu hailengi kuijaza ngozi yote dawa, inalenga makazi.

Kuna pia umeme hafifu unaosukuma molekuli zenye chaji, na klorheksidini inafaa kwa hilo kwa sababu ya chaji zake. Kuna vibao vya sindano ndogondogo mno. Vyote vinafanya kazi maabara, ila kutoboa ngozi ili kuzuia madhara ya kutoboa ngozi kunahitaji sababu nzito.

Je, dawa ikipenya zaidi ndiyo bora zaidi?

La, na hapa naomba usome polepole.

Miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na dawa iitwayo heksaklorofini. Ilikuwa maarufu sana, ikitiwa kwenye sabuni na poda, na watoto wachanga hospitalini waliogeshwa nayo ili kuzuia maambukizi ya Staphylococcus. Tofauti na klorheksidini, hii inapenda mafuta, hivyo hupita ngozi na kuingia kwenye damu, kisha kwenye ubongo. Mwaka 1972 nchini Ufaransa, poda ya watoto iitwayo Talc Morhange ilitengenezwa kwa makosa ikiwa na zaidi ya asilimia 6 ya heksaklorofini. Watoto zaidi ya 200 waliugua na 36 walikufa. Mwaka huo huo Marekani iliwekea dawa hiyo masharti makali.

Watoto wale waliuawa na kupenya. Kwa hiyo lengo la utafiti wote huu ni dawa iingie *ndani* ya ngozi, ifike kwenye vinyweleo, ibaki humo, isivuke upande wa pili. Katika vipimo vya Birmingham vya 2008 hakuna klorheksidini iliyoonekana kuvuka ngozi nzima hadi chumba cha chini, na hilo ni jambo la kushukuru. Yeyote anayeleta kiungo kipya cha kufungua ngozi anadaiwa vipimo vyote viwili: kimeingia kiasi gani, na kimevuka kiasi gani.

Mtoto njiti ana ngozi ambayo ukuta wake haujakamilika. Klorheksidini, hasa iliyo kwenye spiriti, imewaunguza baadhi yao, na ayodini ikipakwa sana huingia mwilini na kuvuruga tezi ya shingo. Kwa hao, tumia kidogo, usiache dawa ituame chini ya mgongo au kiunoni, na fuata mwongozo wa wodi ya watoto wachanga. Kwa mtu wa umri wowote, klorheksidini isiingie machoni wala ndani ya sikio.

Klorheksidini au ayodini, ipi nichague?

Mwaka 2010 Rabih Darouiche na wenzake, Marekani, walilinganisha wagonjwa 849 wa upasuaji: waliopakwa klorheksidini yenye spiriti walipata maambukizi ya kidonda asilimia 9.5, waliopakwa povidoni-ayodini asilimia 16.1. Wengi walisoma hapo kwamba klorheksidini imeshinda. Lakini ayodini ile ilikuwa kwenye maji. Upande mmoja ulikuwa na dawa mbili, mwingine moja.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uswisi ambamo dawa zote mbili zilikuwa kwenye spiriti, kwa upasuaji wa moyo na wa tumbo. Maambukizi yalikuwa asilimia 5.1 kwa ayodini na 5.5 kwa klorheksidini, yaani sawasawa. Na utafiti mkubwa uitwao FALCON, uliochapishwa 2021 na kuhusisha hospitali za nchi 7 ikiwemo Rwanda, uliweka klorheksidini yenye spiriti dhidi ya ayodini ya maji kwenye upasuaji wa tumbo, na haukuona tofauti.

Maoni yangu: spiriti ndani ya dawa na namna ya kupaka vina uzito kuliko jina la dawa. Hospitali yenye ayodini tu isijione imewatupa wagonjwa wake. Ipakwe vizuri, iachwe ikauke.

Tukinyoa nywele kwanza, dawa haitafika chini zaidi?

Wembe hauondoi kishimo cha unywele, unakata kilicho juu tu. Unaacha michubuko midogo ambamo bakteria huzaana kabla hata mgonjwa hajafika mezani. Shirika la Afya Duniani linasema wazi: nywele ziachwe, au zikipasa kuondolewa zitumike mashine za kukatia, si wembe.

Kwenye kidonda je? Nyumbani tunamimina Dettol isiyochanganywa na maji ili iingie ndani.

Kidonda hakina ule ukuta, kwa hiyo hakuna cha kupenya. Dawa iko ndani tayari. Ukimimina kali, unaua seli changa zinazotaka kuziba kidonda. Osha kwa maji safi yanayotiririka, kwa wingi. Chupa ya Dettol ina maelekezo ya kuchanganya na maji, yafuate. Spiriti usitie kwenye kidonda kilicho wazi. Kidonda kirefu, cha kuumwa na mnyama au kilichoingia udongo, kipelekwe zahanati kwa ajili ya chanjo na matibabu.

Mama mkwe anataka tumpake mtoto dawa kitovuni ili ishuke ndani. Nimjibuje?

Mwambie kwa upole kwamba kitovu kinakauka chenyewe kikiwa safi na kikavu. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti wa watoto wachanga 36,911 kati ya 2011 na 2014, ukilinganisha klorheksidini na kitovu kilichoachwa kikavu, na haukuonesha kwamba dawa ilipunguza vifo kwa kiwango cha uhakika. Klorheksidini ya kitovu inashauriwa pale ambako watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara kama samadi. Ikiwa mmepewa na kituo cha afya, hakikisheni haiwekwi pamoja na dawa ya macho; watoto wameumia macho kwa chupa kuchanganywa.

Nikiona muuguzi anachoma sindano kabla dawa haijakauka, niseme?

Sema. Klorheksidini yenye spiriti inahitaji kama dakika 3 kukauka kwenye ngozi isiyo na nywele, na hadi saa nzima kwenye nywele. Ikiwa mbichi, kazi haijaisha, na kwenye chumba cha upasuaji chenye kifaa cha umeme cha kuunguzia mishipa, mvuke wake unaweza kushika moto. Usipepee kwa mkono wala kupuliza kwa mdomo, maana unarudisha vijidudu, na usipaguse tena kwa kidole kutafuta mshipa. "Samahani sista, tusubiri ikauke kidogo" inatosha, na muuguzi anayejua kazi yake hataudhika.